Njia ya Thunder au njia ya Suns? Soma kabla hujaanza kukesha

Mpwa wangu kamaliza form four, yuko nyumbani anasubiri matokeo, kazi yake kwa sasa ni kucheza 2K, gemu la kikapu la NBA, kwa jirani na kuniuliza maswali. Juzi kaja na jipya, anko mi nataka timu moja ya NBA, nishabikie mpaka nizeeke, siyo ya kuhamahama kama nyie, nichukue ipi? Nikamwambia dogo hilo swali zito kuliko unavyolichukulia. Simba na Yanga mtu unazikuta nyumbani, mzee wako ndo anakuchagulia kabla hujajua hata kutembea, ila NBA unachagua mwenyewe, na ukichagua vibaya utakuwa unaamka saa kumi alfajiri kuangalia watu wanachapwa pointi 40 halafu saa mbili uko kazini macho mekundu na huna hata wa kumlalamikia.

Ushauri wangu wa kwanza ukawa usichague kwa staa. Staa anahama, hata mwezi haupiti. Angalia ofisi, wale jamaa wa suti wanaoamua nani aje nani aondoke, ona wanajengaje kikosi, maana hao ndo utaishi nao. Na kwa miaka ya karibuni kuna timu mbili ukiziweka bega kwa bega unapata somo zima, Oklahoma City Thunder na Phoenix Suns. Thunder walipanda, wakapalilia, wakangoja. Suns walikuwa na shamba lao zuri tu, wakaliuza wakanunue chakula kilichopikwa tayari.

Msimu wa 2024-25 ulivyoisha Thunder walikuwa wameshinda mechi 68 na kufungwa 14, wakabeba ubingwa. Suns wameshinda 36 wamefungwa 46, hata plei-in, zile mechi za kugombea nafasi za mwisho za kuingia mtoano, hawakuigusa, na hao Suns ndo walikuwa wanalipa mishahara mikubwa kuliko timu yoyote kwenye ligi nzima. Sasa utasema basi si jibu tunalo, tukalale. Hapana bana, ngoja, ingekuwa rahisi hivyo timu zote 30 zingefanya kama Thunder.

Kwanza sheria, maana bila hizi hutaelewa kitu

Ukitokea kwenye mpira wa miguu hapa ndo unapopotea. Huku kwetu timu ikimtaka mtu inalipa klabu yake ada, wanapiga picha na jezi, imeisha. NBA hakuna kumnunua mchezaji kutoka timu nyingine kwa hela. Unampata kwa kumchagua akiwa kinda kwenye drafti, pale timu zinapochagua makinda wa mwaka huo kwa zamu na timu mbovu zikiwa na nafasi kubwa ya kutangulia, au kumsaini mkataba wake ukiisha, au mnabadilishana na timu nyingine, wao wanaita tredi. Na kwenye tredi kitu cha thamani unachoweza kutoa ukiacha wachezaji ni piki, yaani ile zamu yako ya kuchagua kwenye drafti. Unaweza kutoa zamu ya mwaka huu, unaweza kutoa hata ya miaka saba mbele, kinda mwenyewe atakayechaguliwa na zamu hiyo pengine sahivi yuko shule ya msingi anasumbua walimu.

Halafu kuna kikomo cha mishahara. Kwa huo msimu wa 2024-25 kilikuwa karibu dola milioni 140.6. Unaruhusiwa kukivuka kwa milango fulani fulani, mkubwa ukiwa kumbakiza mchezaji wako mwenyewe, ila ukipita milioni 170.8 unaanza kulipa kodi, na ukipita 188.9 umeingia kwenye kitu kinaitwa aproni ya pili, kilikuja na makubaliano mapya ya 2023, na hapo siyo hela tena inayokuuma, ni mikono yako inafungwa. Huwezi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili watatu ili umlete mmoja mkubwa, huwezi kuongezea pesa taslimu kwenye tredi, na piki yako ya miaka saba mbele inagandishwa, iko kwenye jina lako ila huwezi kuigusa. Tajiri hata akiwa na hela kiasi gani haimsaidii. Hii sheria ikumbuke, Suns tunawakuta humo ndani.

Kikosi chenyewe ni watu 15 wa mikataba kamili na watatu wa mkataba wa kupanda na kushuka timu ya vijana. Ndogo sana. Kwa hiyo kila kiti kina maana.

Thunder: ile miaka ambayo hakuna aliyetaka kuwaangalia

Bosi wa pale ni Sam Presti, kakaa kwenye kiti tangu 2007, timu ikiwa bado Seattle. Huyu jamaa kachagua Kevin Durant 2007, Russell Westbrook 2008, James Harden 2009, watatu wote baadaye wakawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi. Wakafika fainali 2012 wakafungwa na Miami, miezi michache baadaye wakamwachia Harden aende Houston kwa sababu ya kuvutana kuhusu mkataba, 2016 Durant naye akaondoka zake Golden State mkataba umeisha, Thunder hawakupata hata kandambili. Kwa hiyo msiniambie Presti ni malaika hakosei. Kashawahi kuwa na MVP watatu nyumba moja na kombe hakulipata.

Lakini angalia alichofanya Julai 2019. Clippers walikuwa wanamtaka Kawhi Leonard, na Kawhi alitaka aje na staa mwingine pembeni yake, na huyo mwingine ni Paul George ambaye yuko kwa Presti. Yaani muuzaji anajua mnunuzi hawezi kuondoka dukani mikono mitupu, we unafikiri bei itakuwaje? Akachukua kijana wa miaka 20 anaitwa Shai Gilgeous-Alexander, akachukua Danilo Gallinari, akachukua piki tano za raundi ya kwanza, na bado akachukua haki ya kubadilishana piki mara mbili, yaani mwaka huo zamu ya Clippers ikiwa nzuri kuliko yake anaichukua anawapa yake. Siku chache baadaye Westbrook naye akapelekwa Houston, zikaja piki nyingine na Chris Paul.

Halafu ikaanza shida. Msimu wa 2020-21 walishinda 22 wakafungwa 50, uliofuata wakashinda 24 wakafungwa 58. Tarehe 2 Desemba 2021 walienda Memphis bila Shai, na Memphis wenyewe hawakuwa na staa wao Ja Morant, mechi ikaisha 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73, hakuna timu imewahi kufungwa vile kwenye historia ya NBA. Mimi niliamka asubuhi nikaona matokeo nikadhani simu imekosea, nikafungua tena, 79 bado iko pale pale.

Ila cheki, kila walipokuwa wanafungwa kuna kitu kilikuwa kinaingia ghalani, na hapa ndo pa kumwelewa Presti. Piki zao wenyewe wanazo, kwa hiyo kufungwa kunawapandisha kwenye drafti. 2022 wakapata zamu ya pili wakamchukua Chet Holmgren, kijana akaumia mguu hata msimu haujaanza, akakosa mwaka mzima, hakuna aliyepiga kelele pale ofisini. Drafti hiyo hiyo wakawa na zamu ya 12, na ile zamu ya 12 ilitoka kwa Clippers kwenye biashara ya Paul George, wakamchukua Jalen Williams. Soma hiyo tena taratibu: Paul George mmoja kawaletea Shai na Jalen Williams, nguzo mbili za timu ya ubingwa. Na Paul George mwenyewe 2024 mkataba wake na Clippers ulivyoisha akaenda Philadelphia, Clippers wakabaki wanaangalia mlango.

Wengine waliobaki waliokotwa okotwa. Lu Dort 2019 hakuchaguliwa na mtu kwenye drafti. Aaron Wiggins alikuwa wa 55 mwaka 2021. Isaiah Joe alikatwa na Philadelphia 2022, Thunder wakamwambia njoo. Hivi ni vitu ambavyo havitoki kwenye vichwa vya habari, ila mechi za Aprili na Mei ndo zinaamuliwa na watu wa namna hii.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni Alex Caruso. Majira ya joto ya 2024 Presti alimtoa Josh Giddey, kijana aliyemchagua wa sita mwaka 2021, akapewa Caruso na Chicago, piki hakutoa hata moja. Watu wengi walisema Thunder wamepunjwa, unatoaje kinda unachukua mtu mzima wa miaka 30 asiyefunga. Mei 2025, mechi ya saba na Denver kwenye mtoano, ambako anayetangulia kushinda nne ndo anapita, staa wao Nikola Jokić ana mita 2.11 na mwili wa gogo la mwembe, Caruso hafiki hata mita mbili, wakampa kazi ya kumkaba Jokić. Nilicheka. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nacheka peke yangu sebuleni gizani. Jamaa akawa anaweka kiwiko chini ya mbavu, anapita mbele, anarudi nyuma, anapiga mpira kabla haujashikwa vizuri, Jokić anainua mikono kwa refa, na kila pasi iliyokuwa inaenda kwa Jokić kuna mkono mwingine wa Thunder unaingia njiani. Ikaisha 125 kwa 93. Hapo ndo nikaelewa kuwa ule usajili haukuwa wa kufunga pointi, ulikuwa wa kununua usiku mmoja kama ule.

Fainali wakaenda mechi saba na Indiana, tarehe 22 Juni 2025 kwao, huku ilikuwa Jumatatu saa tisa usiku, 103 kwa 91, Shai akaondoka na MVP wa msimu na wa fainali.

Suns: waliuza mpaka sheria ikawaambia inatosha

Watu wanasahau kuwa Suns nao walianza kwa kupanda. Devin Booker walimchagua wa 13 mwaka 2015, Deandre Ayton wa kwanza 2018, usiku huo huo wakampata Mikal Bridges, 2020 wakamleta Chris Paul mzee akawapanga, 2021 wako fainali wakafungwa na Milwaukee mechi sita. Msimu uliofuata wakashinda mechi 64. Halafu Mei 2022 wakachapwa na Dallas nyumbani kwao mechi ya saba 123 kwa 90, na nahisi pale ndo kuna kitu kilikatika vichwani.

Februari 2023 akaingia mmiliki mpya, Mat Ishbia, na wiki hiyo hiyo ikatangazwa Durant anakuja kutoka Brooklyn. Bei ilikuwa Bridges, Cam Johnson, Jae Crowder, na piki nne za raundi ya kwanza zisizo na ulinzi wowote, yaani hata zikiangukia juu kabisa zinaenda, za 2023, 2025, 2027 na 2029, na juu yake haki ya kubadilishana ya 2028.

Iangalie hiyo miaka vizuri, 23, 25, 27, 29. Inaruka mmoja mmoja. Siyo kwamba Brooklyn wanapenda namba witiri. Kuna sheria inakataza timu kubaki bila piki ya raundi ya kwanza miaka miwili inayokuja mfululizo, ilitungwa kwa sababu ya Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland miaka ya 80 aliyekuwa anagawa piki kama pipi. Yaani Suns walitoa kila piki ya raundi ya kwanza iliyoruhusiwa kutolewa, zilizobaki zilibaki kwa sababu sheria ilisimama mlangoni.

Haikutosha. Juni 2023 wakamleta Bradley Beal kutoka Washington, na mkataba wa Beal ulikuwa na kipengele adimu sana, hapelekwi popote bila yeye mwenyewe kukubali. Kwa hiyo sasa una Durant, Booker na Beal, wote watatu kazi yao kubwa ni ile ile, kufunga, na hela yote imeishia kwao, waliobaki unawajazia kwa mikataba ya mshahara wa chini kabisa. Wakaingia aproni ya pili. Kwenye pleiofu za 2024, yaani mtoano, Minnesota wakawapiga nne bila. Mwaka uliofuata ndo hiyo 36 kwa 46. Makocha watatu walifukuzwa miaka mitatu mfululizo, Monty Williams 2023, Frank Vogel 2024, Mike Budenholzer 2025, kama vile tatizo lilikuwa ubao wa kocha.

Na mwisho wake unahuzunisha kidogo. Majira ya joto ya 2025 Durant akapelekwa Houston, Beal wakakubaliana wamlipe aondoke, na deni lake wakalitandaza, karibu dola milioni 19 kila msimu mpaka 2029-30 kwa mtu ambaye hayupo. Ni kama umemaliza kuachana na bado unalipa fenicha za harusi.

Ukikosea inakuwaje? Hapa ndo chagua

Watu wakilinganisha hizi njia wanaangalia nani kashinda. Mi namwambia mpwa wangu aangalie kufungwa kunamnufaisha nani, maana timu yoyote utakayoshabikia miaka 40 itakuvunja moyo mara nyingi tu.

Thunder walipofungwa ile mechi ya 73, faida ya kufungwa ilikuwa yao, ilirudi kama Holmgren. Suns walipofungwa mechi 46, faida haikuwa yao. Zamu yao ya 2025 ilikuwa imeshaenda Brooklyn, Brooklyn wakaipeleka Houston, ikatua namba 10. Yaani unaumia wewe, anayefurahi ni jirani. Shabiki wa Suns mwaka ule hakuwa hata na ile faraja ya maskini ya kusema aah si mbaya, tutapata kijana mzuri.

Na kuna utamu mmoja hapo. Durant alivyokwenda Houston, kwenye mzigo uliorudi Phoenix pamoja na Jalen Green na Dillon Brooks ilikuwepo hiyo hiyo zamu ya 10, zamu yao wenyewe, imezunguka miji mitatu imerudi nyumbani. Wakamchukua Khaman Maluach, kijana mrefu wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, kapita akademi ya NBA ya Senegal na BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na chuo cha Duke Marekani. Kwa hiyo kama wewe uko Kampala una sababu ya moyo ya kuwaangalia Suns, sikukatazi hata kidogo.

Sasa upande wa pili, maana nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya. Subira nayo inaua. Wanasema mvumilivu hula mbivu, Philadelphia wanavumilia na wanakula mbichi. Walianza kujifungisha makusudi 2013, msimu wa 2015-16 wakashinda mechi 10 wakafungwa 72, wakampata Joel Embiid kweli, MVP kabisa, na mpaka 2025 sikuwaona hata fainali ya kanda kwenye huo mradi wote. Detroit msimu wa 2023-24 walifungwa mechi 28 mfululizo, fikiria unaamka usiku mara 28. Na 2019 ligi ilibadilisha bahati nasibu ya kupanga zamu za drafti, timu tatu mbovu kabisa kila moja ikapewa asilimia 14 tu ya kupata zamu ya kwanza, kwa hiyo ukijifungisha hujanunua kitu, umenunua tiketi. Dallas 2025 walikuwa na asilimia 1.8, miezi michache tu baada ya kumtoa staa wao Luka Dončić mji mzima ukiwa na hasira, wakashinda zamu ya kwanza wakamchukua Cooper Flagg. Hapo utasema nini?

Na drafti yenyewe, hata ukipata zamu nzuri, ni kuchagua nazi kwa kuitikisa. Sisi Watanzania hili hatuhitaji kufundishwa. 2009 Memphis walikuwa na zamu ya pili, wakamchukua Hasheem Thabeet wetu, mita 2.21, mtoto wa Dar, siku ile mitaa ilijaa furaha na mi nilikuwepo. Aliyefuata, zamu ya tatu, akachukuliwa Harden, na timu iliyomchukua ni Thunder hao hao. Zamu ya saba alikuwa Stephen Curry. Hasheem alianza kucheza kikapu amechelewa sana, alihitaji timu ya kumlea polepole, akaangukia sehemu ambayo tayari kuna Marc Gasol kwenye nafasi yake, msimu wa kwanza tu akashushwa ligi ya chini. Sijawahi kumlaumu yeye, namlaumu aliyeshika kalamu. Na dunia ilivyo ya ajabu, 2012 Hasheem akasaini Thunder, na kabla msimu haujaanza Harden akaondoka. Jamaa wa zamu ya pili anaingia, wa zamu ya tatu anatoka mlango huo huo.

Na njia ya haraka inafanya kazi, mradi umeshajenga nyumba unatafuta paa. Toronto 2018, Masai Ujiri, yule bosi ambaye mama yake ni Mkenya, alimtoa DeMar DeRozan kipenzi cha mji mzima akamchukua Kawhi mwenye mwaka mmoja tu wa mkataba. Watu walimtukana. Juni 2019 wana kombe, Julai Kawhi kaondoka. Mwaka mmoja, kombe moja, na nenda kaulize mtu wa Toronto kama anajuta. Ila tazama waliomzunguka Kawhi, Pascal Siakam walimchagua wa 27, Fred VanVleet hakuchaguliwa kabisa, hao walikuzwa pale pale. Lakers nao walitoa makinda na piki wakamchukua Anthony Davis 2019, 2020 mabingwa, lakini wenzetu walikuwa na LeBron na wana Los Angeles, we Phoenix usijipime na hao.

Boston sitawazungumzia sana, wao walikula shamba la mwenzao. 2013 waliwauzia Brooklyn akina Kevin Garnett na Paul Pierce walioshazeeka wakachukua piki za miaka mingi mbele, zikawa Jaylen Brown na Jayson Tatum, 2024 wakabeba kombe. Njia nzuri kuliko zote, shida inahitaji upate mjinga wa kumuuzia, na wajinga wamepungua. Tena hata wao 2025 aproni iliwabana wakamwachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis, mwaka mmoja tu baada ya ubingwa.

Na hiyo ndo inakuja kwa Thunder pia, usichague ukidhani mlima umeisha. 2025 Shai kasaini nyongeza ya miaka minne ya dola milioni 285, Holmgren na Williams nao wakasaini miaka mitano mitano, kila mmoja zaidi ya milioni 200. Wale vijana wa bei poa wameacha kuwa wa bei poa. Presti anazo piki bado za kujazia viti vya nyuma kwa makinda wa mshahara mdogo, hiyo ndo akiba yake, lakini siku moja mtu kama Dort au Caruso itabidi aage, na we shabiki utalia.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Kama we ni mtu wa kusoma majina ya vijana, unaweza kuangalia timu inafungwa na ukaona kitu kinaota, na ukiumia unapenda angalau uumie kwa faida yako, tafuta timu ya mtindo wa Thunder, na si lazima iwe Thunder yenyewe maana sasa hivi ukiwashabikia watu watasema umefuata kombe. Tafuta iliyo chini, halafu kagua mambo mawili, piki zake bado ni zake, na bosi wa ofisi hajabadilishwa kila baada ya misimu miwili. Kama moja wapo haipo hiyo siyo subira, hiyo ni umaskini tu.

Kama huna uvumilivu, kazi inakuchosha, unataka majina makubwa ukiamka uone kitu, chukua za mtindo wa haraka, lakini kabla hujajifunga jiulize kama kabla ya huyo staa kuja kulikuwa na timu. Toronto ilikuwepo. Phoenix ilikuwepo pia, shida waliibomoa ili wapate nafasi ya kuweka staa.

Halafu kuna jambo ambalo wachambuzi wa Marekani hawatakuambia. Miezi ya baridi kule, mechi ya saa moja jioni Oklahoma City huku ni saa kumi alfajiri, usingizi umekatika katikati. Ya Phoenix saa hiyo hiyo ya kwao huku ni saa kumi na moja, unaswali au unapiga mswaki, unaangalia robo mbili, unaenda kazini. Kwa mtu mwenye familia hiyo ni hoja nzito kuliko aproni.

Mpwa wangu kasikiliza yote hayo, anatikisa kichwa, akasema anko nimeelewa, mi ni wa Thunder, wa kujenga. Nikafurahi, nikampa hela akatafute jezi Karume. Karudi jioni anatabasamu, kaipata ya bluu, Oklahoma City kabisa, safi haina hata doa, kaigeuza mgongo anionyeshe: Durant, 35.